Sheria Waliyoiandamania

Asubuhi ya siku ya mwisho ya ukaguzi, Kijiko aling'oa viti vya nyuma vya teksi yake akaviegemeza ukutani. Kisha akainama kwenye buti akatoa tairi la akiba, jeki, zulia na dumu la maji. Akafungua makava ya ndani ya milango. Akatoa redio na spika zake. Alipokigeukia kiti cha abiria wa mbele, spana mkononi, mkewe aliyekuwa ameketi mlangoni na shuka magotini akamsemesha.

"Na wewe ungenyoa kichwa. Hizo nywele nazo zina uzito wake."

"Nilinyoa jana."

"Kumbe. Nami nikadhani ni kwa ajili yangu."

Akacheka peke yake, akakohoa, akafumba macho kungoja pumzi irudi. Miguu yake ilikuwa imevimba, kama ilivyovimba kila mara kesho yake ikiwa siku ya mashine. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alilazwa kwenye hospitali kuu, ng'ambo ya pili ya jiji, mashine ikamtoa damu, ikaisafisha, ikamrudishia. Aliwahi kujaribu kwenda kwa basi, akaokotwa kituoni kama furushi lililoachwa na mwenyewe. Tangu siku hiyo alipelekwa na teksi. Teksi ndiyo iliyowalisha, na teksi ndiyo iliyomweka hai. Na teksi isiyokuwa na stika ya kijani kwenye kioo kufikia jioni ile ilikuwa inang'olewa namba, basi, haigusi barabara tena.

Wenye kumbukumbu fupi husema Sheria ya Ulaji wa Mafuta ilishuka kutoka juu. Uongo mtupu. Sheria ile ilizaliwa na miguu ya madereva. Ilikuwa miaka ambayo waagizaji wa magari walileta kila takataka iliyokataliwa kwingine, magari yanayokunywa mafuta kama mchanga unavyokunywa maji, na dereva alimfanyia kazi mwenye kituo cha mafuta mpaka adhuhuri ndipo aanze kuwafanyia kazi wanawe. Madereva wakasema: gari lolote lipimwe unywaji wake kabla ya kuuzwa, na linalozidi lirudi lilikotoka. Wakaandamana. Wakapigwa maji, wakapigwa moshi, wakapigwa virungu. Sauti yao alikuwa kijana mmoja, mtoto wa fundi cherehani, ambaye walimwita Kipaza kwa sababu hakuhitaji kipaza sauti. Siku aliyotafutwa, Kijiko alimkunja ndani ya buti la teksi hii hii, akafika kwenye kizuizi cha polisi, akajifanya mafuta yamemwishia. Askari wenyewe wakaisukuma ile teksi wakilalamika kwamba ni nzito.

Miaka ikapita. Kipaza akawa mheshimiwa, na sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bunge inayoshughulikia barabara na mafuta. Sheria ilipopitishwa, Kijiko aliisikia redioni akasimamisha gari pembeni akalia, na abiria wake akamwuliza kama amefiwa. Hakuisoma. Nani anamsoma mtoto wake? Alijua ilichosema kwa sababu ni yeye aliyeisema kwanza, barabarani, kwa koo lake: anayekunywa kidogo apite, mlevi azuiwe. Naye hakuwa na wasiwasi juu ya kunywa kidogo. Hawakumwita Kijiko kwa utani mtupu. Alilisha injini mafuta kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji, na ile injini kuukuu alikuwa ameifungua na kuifunga kwa mikono yake mpaka ikapumua kama mtoto aliyelala. Leo alitaka tu kuipunguzia mzigo, ipite bila ubishi.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akaja na pikipiki yake, mikono imejaa alama za cheche. Alikuwa fundi wa kuchomelea. Akaitazama ile teksi tupu, akavitazama viti.

"Shemeji, unahama au unauza maiti vipande vipande?"

"Naenda kupima."

"Hivi? Ngoja kwanza nikufungie ndoano."

"Ndoano ya nini, nivue samaki?"

"Ya kuvutia tela. Mwezi mzima sijafanya kazi nyingine. Wanakuja mawakili, wanakuja wachungaji, wanakuja wakurugenzi, magari marefu kama vibanda. Nawafungia ndoano nyuma, wanakwenda kupima, wanapita. Ndoano ikiwepo wanaliita gari la kazi."

"Wana tela?"

"Tela gani. Hata toroli hawana."

"Basi hao wanapita kwa mlango wa nyuma. Mimi napita mbele."

"Mimi sijui mlango, najua ndoano. Halafu nimeona wengine wanapakia mifuko ya mchanga kwenye buti kabla ya kwenda."

Kijiko akacheka mpaka spana ikamponyoka. "Mchanga. Gari zito linakunywa zaidi, shemeji. Hata anayesukuma mkokoteni anajua hilo. Hao wamezoea kubebwa, hawajui kitu kizito kina maana gani."

Fundi akainua mabega. "Mimi nachomelea tu, siulizi." Akamgeukia dada yake. "Dada, mumeo kichwa chake ningekichomelea, lakini naogopa."

"Huna chuma cha kushika," dada yake akasema. "Mle ndani ni kutu tupu."

Lakini Kijiko alipoketi kwenye usukani, kiti pekee kilichobaki, mkewe akamwita kwa sauti nyingine kabisa. Akamwambia arudi na ile stika.

*

Kituo cha ukaguzi kilikuwa bohari la mabati lenye mlango mbele na mlango nyuma. Gari liliingia, likapandishwa kwenye mizani iliyofukiwa sakafuni, kisha likafungwa kwa minyororo juu ya rola, na mkaguzi akaliendesha pale pale bila kwenda popote huku bomba la mashine likinusa moshi wake. Mwenye gari alisimama kando nyuma ya mstari wa njano, kama mtu anayemngoja mzazi wodini.

Mbele ya Kijiko kulikuwa na gari jeusi lililoziba mwanga wa mlango. Nyuma lilikuwa na ndoano mpya, rangi haijakauka vizuri. Dereva wake, mwenye tai, alikuwa akijipepea kwa kofia.

"Hii inavuta nini?" Kijiko akamwuliza.

"Inavuta maisha, mzee."

Wakacheka wote wawili. Kijiko hakuwa na kinyongo naye, dereva ni dereva.

Pale kwenye mizani alikuwepo binti mmoja aliyevaa ovaroli. Akachungulia ndani ya teksi.

"Baba, viti viko wapi?"

"Nyumbani, vinapumzika."

Binti akafungua mdomo. Lakini nyuma foleni ilikuwa imefika barabarani na honi zilikuwa zimeanza, na msimamizi wake alikuwa akigonga saa ya mkononi. Binti akafunga mdomo, akabonyeza kitufe. Uzito ukaingia kwenye mashine.

Kijiko alilisikiliza gari lake juu ya rola na kifua kikamjaa. Halikukohoa. Halikutetemeka. Mkaguzi, bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alishuka akatazama kioo cha mashine, akavua miwani, akatazama tena.

"Nani fundi wako?"

"Mimi mwenyewe."

"Halijanywa hata nusu ya lile jeusi. Mwezi mzima sijaona kitu kama hiki." Akavaa miwani. "Lakini limefeli."

Kijiko akangoja aendelee, maana alidhani ni mzaha. "Limefeli nini?"

Mkaguzi akamwelekeza kwenye ubao ukutani, uliochorwa mfano wa ngazi. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuchoka kueleza. Sheria haikuweka kikomo kimoja kwa magari yote. Iliyagawa kwa uzito. Gari zito liliruhusiwa kunywa sana, la kati kiasi, jepesi kidogo mno. Na gari la kazi, lenye ndoano, halikuwa na kikomo cha kusumbua mtu.

"Ungekuja na viti vyako na tairi lako, ungesimama ngazi ya pili, ungepita ukiimba. Umekuja mtupu, umeanguka ngazi ya chini. Ngazi hiyo wameiwekea vigari vipya vinavyotoka kiwandani. Umezidi kidogo sana. Kama chozi hivi."

"Nifuate viti, nirudi."

"Kila gari hupimwa mara moja tu. Na kipimo kiko wizarani tayari, mashine inakituma yenyewe."

"Kwa hiyo nimefeli kwa kuwa mwepesi."

Binti wa mizani alikuwa akitazama sakafu. Kijana mwenye bisibisi akaja kung'oa namba, skrubu ikagoma kwa kutu, akahangaika nayo, akatukana chini chini. Kijiko, kwa mazoea tu ya mtu aliyeishi na magari, akampa spana yake. Ni pale namba ya kwanza ilipodondoka mkononi mwa kijana ndipo alipoelewa amempa nini.

Lile gari jeusi likatoka kwa mlango wa nyuma na stika ya kijani kwenye kioo.

*

Nje kulikuwa na zogo. Mheshimiwa mwenyekiti alikuja kufunga zoezi, na waandishi walikuwa wakimzunguka na kamera. Gari alilolifuata lilikuwa ni lile lile jeusi lenye ndoano. Lilikuwa lake.

Kijiko akapenya. "Mheshimiwa."

Kipaza akamtazama kama mtu anayepapasa funguo mfukoni. Kisha uso ukafunguka. "Kijiko. Ndugu yangu Kijiko." Akamkumbatia, na wapiga picha wakapata walichotaka.

"Wameng'oa namba zangu."

"Nani?"

"Sheria yetu."

Kipaza akamshika bega, akampeleka nyuma ya gari, mbali na kamera. Alinukia vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, na hilo nalo lilikuwa gumu kulivumilia.

"Nisikilize na mimi. Muswada ule ulitoka mikononi mwetu safi kama maziwa. Niliupeleka bungeni, ukafa. Nikaurudisha, ukafa tena. Waagizaji wana wabunge wao, unajua. Wakaniambia: weka madaraja ya uzito, yaache magari ya kazi, tutakupigia kura. Ningefanyaje? Nusu shari ni nafuu kuliko shari kamili."

"Na sisi tumepata nusu ipi?"

"Usiseme hivyo. Tulitangaza. Tuliita wananchi watoe maoni, ukumbi mzima, maji ya chupa mezani. Waagizaji walikuja na mawakili. Chama chenu cha madereva kilialikwa. Hakuna hata mmoja aliyetokea."

Ilikuwa kweli, na kweli hiyo ilimchoma kuliko moshi wa polisi. Mwaliko ulikuja. Ulisomwa kijiweni, watu wakacheka. Maoni ya nini? Sheria ni yetu, tuliyemtuma yuko ndani, twendeni kazini. Walimwachia mtoto wao nyumba ya watu, wakarudi kumchukua wakakuta amebadilishwa jina na uso.

"Basi nifungulie gari moja tu," Kijiko akasema. "Lile lililokubeba. Mke wangu ana figo. Kesho ni siku yake."

Kipaza akatazama upande wa kamera. "Nikikufungulia wewe leo, kesho wataandika mwenyekiti analinda jamaa zake. Sheria nzima itachafuka." Akafikiri, akatabasamu, na lilikuwa tabasamu la mtu anayeamini anatenda wema. "Lakini njaa sitakuacha nayo. Huyu dereva wangu anaondoka leo. Kesho alfajiri njoo nyumbani, uchukue hili." Akapiga ubavu wa gari jeusi kwa kiganja.

Kijiko alikuwa na mate mdomoni ya kutosha. Akaikumbuka ile miguu iliyovimba. Akayameza.

"Na siku za hospitali, mheshimiwa? Mara mbili kwa wiki tu."

"Tutaona, tutaona. Kazi ya umma haina ratiba, lakini tutaona."

"Asante, mheshimiwa."

*

Asubuhi ya siku ya mashine, mkewe alisema atakwenda na mdogo wake kwa pikipiki. "Nitamkumbatia kama msichana anayetoroshwa," alisema, na Kijiko akaondoka gizani kabla hajamwona akijaribu kusimama.

Kufikia saa nne, gari jeusi lilikuwa nje ya jengo la bunge, injini inanguruma. Kipaza alikuwa ameagiza kiyoyozi kisizimwe. Alitaka akitoka na wageni wasikute joto. Ndani, kamati ilikuwa ikijadili kama ndoano moja inatosha kuyaita ya kazi hata magari ya familia. Kijiko alikaa kwenye ngozi baridi akitazama mshale wa mafuta ukishuka bila gari kusogea hata hatua, akajisikia kama mtu anayelazimishwa kumwaga maji jangwani.

Simu ikalia. Alikuwa shemeji.

"Shemeji, nimemlaza kibarazani kwa muuza vifaa vya umeme, karibu na mzunguko. Ameshindwa kushika. Tulianguka, hakuumia, lakini hapumui vizuri. Midomo imebadilika rangi."

"Simamisha teksi."

"Teksi zipi? Nimesimama hapa tangu saa mbili na nusu. Zimeng'olewa namba zote. Waliobaki na gari wananiona, wanapandisha vioo."

Kijiko alitazama mlango wa bunge. Askari wa mlangoni alikuwa akipiga miayo. Akakata simu, akavua viatu vipya alivyopewa asubuhi, akaweka gia.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udereva alikanyaga mafuta bila huruma. Lile gari lilipaa. Lilipanda kingo, likapita katikati ya mikokoteni, watu wakalikimbia kwa namna watu wanavyokimbia magari ya namna ile, wakidhani ndani yake kuna mtu. Alimkuta mkewe kichwa kikiwa kwenye mapaja ya mdogo wake, na muuza vifaa vya umeme akimpepea kwa kifuniko cha boksi. Wakamwinua wote watatu, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma kilichokuwa kipana kuliko kitanda chao.

Njiani alifumbua macho, akapapasa ile ngozi. "Hili la nani?"

"Usiseme sana."

"Nauliza tu. Kama tunaoana upya niambiwe."

Shemeji, aliyemshika mkono, akageuza uso dirishani.

Hospitalini Kijiko alisimamisha gari mlangoni kabisa bila kuzima injini, akamtoa mkewe mikononi kama mtoto, akakimbia naye mpaka chumba cha figo. Muuguzi mkuu wa chumba kile, mama mmoja mzito mwenye sauti ya chini, aliwatazama akatikisa kichwa.

"Zamu yake ilikuwa saa tatu. Mashine zote zina watu. Nilimngoja, baba, nikamngoja, nikampa mwingine. Nao ni wagonjwa."

"Mpe ya mtu aliyekaribia kumaliza."

"Anayemaliza mapema amebakiza saa moja. Baada yake kuna mama mwingine kwenye benchi."

"Hiyo saa hana. Mtazame."

Muuguzi alikuwa akimtazama tayari. Alikwisha kushika mshipa wa shingo yake, akaita kiti cha magurudumu, akaita mtungi wa hewa. Simu ya Kijiko ikalia, na jina lililotokea lilikuwa la Kipaza.

"Gari liko wapi?"

"Hospitali kuu, mheshimiwa."

"Kijiko, nina wageni juani."

"Nami nina mgonjwa. Nisaidie neno moja tu. Nakupa muuguzi, mwambie wewe ni nani. Mwambie amwunganishe mashine." Akampa muuguzi simu kabla Kipaza hajajibu, akamwomba kwa macho, akaomba kwa miungu yote aliyowahi kuisikia.

Muuguzi alisikiliza. Ile sauti iliyokuwa ikijaza barabara nzima ilisikika mpaka kwenye benchi, ingawa maneno hayakutofautika. Kisha akamrudishia simu. Ilikuwa imekatwa.

"Anasema wewe ni mwizi wa gari la serikali. Anasema nikuzuie usiondoke, polisi wanakuja."

"Nizuie," Kijiko akasema. "Mradi na mke wangu umzuie asiondoke."

Muuguzi akamtazama mama aliyekuwa kwenye benchi, mwenye zamu. Yule mama alikuwa mkubwa kwa umri, miguu yake nayo imevimba. Akaitazama midomo ya mke wa Kijiko, akasogeza miguu yake kando kiti kipite. Hakuna aliyemshukuru, haikuwa saa ya shukrani. Muuguzi akasema atamtoa mapema yule aliyebakiza saa moja, akakisukuma kiti ndani, shemeji akafuata ameshika mtungi wa hewa, na mlango ukajifunga nyuma yao.

Polisi walikuwa wawili. Hawakumpiga. Mkubwa wao alimwambia aweke mikono mbele, akaiweka. Alikuwa pekupeku, amesimama mbele ya ule mlango, sikio likiwa karibu na mbao. Alijua mlio wa ile mashine kwa miaka, jinsi inavyoguna kwanza, ikatulia, ikashika mwendo. Aliungoja. Lakini pale nje ya dirisha la korido, gari jeusi lilikuwa bado linanguruma, kioo kizima kikitetemeka, na mlio wake ukafunika kila kitu.

"Afande," akasema. "Nakuomba. Lizimeni lile, nisikie kama ameunganishwa."

Yule mdogo akageuka aende. Mkubwa akamzuia kwa mkono.

"Ni kielelezo. Mwenyewe amesema lisiguswe mpaka afike."

Wakamshika viwiko. Kijiko akakaza shingo kuelekea mlangoni, akasikiliza, huku wakimwondoa, na alichosikia ni lile gari likiendelea kunywa.